Usiuze Maksai Kabla ya Kupimwa Macho

Habari za kutibu macho kwa leza zimefika hata huku kwetu Kasesya, mpakani na Zambia. Vijana wanaziona kwenye simu, akina mama wanazisikia redioni, na wengi wanauliza: je, ni kweli mtu anaweza kupasuliwa jicho bila kisu na kuachana na miwani? Jibu ni ndiyo, lakini si kwa kila jicho. Asiyeijua tofauti hiyo anaweza kupoteza mali ya familia, na pia muda ambao jicho la mgonjwa halina.

JICHO LINAVYOONA

Mbele ya jicho kuna utando angavu uitwao konea. Unene wake katikati ni kama nusu milimita tu, lakini ndio unaofanya karibu theluthi mbili ya kazi ya kukusanya mwanga. Nyuma yake iko lenzi, na nyuma kabisa iko retina inayopokea picha. Jicho likiwa refu kupita kiasi, mwanga hukutana kabla ya kuifikia retina, na mtu haoni vizuri vitu vya mbali. Likiwa fupi mno, vitu vya karibu ndivyo vinavyomsumbua zaidi. Miwani huupinda mwanga ili ufike mahali pake. Leza hufanya kazi hiyo kwa kuichonga konea yenyewe.

UPASUAJI BILA KISU

Mwaka 1981 wanasayansi wa kampuni ya IBM huko Marekani waligundua kwamba aina moja ya leza ya mionzi ya urujuanimno inaweza kuondoa tabaka jembamba sana la nyama bila kuunguza sehemu za jirani. Madaktari wa macho wakaanza kuitumia kwenye konea. Hata hivyo, ili kufungua kifuniko chembamba juu ya konea, walitumia kisu kidogo cha mashine.

Leza ya pili ndiyo iliyochukua nafasi ya kisu hicho. Mwaka 1985 Donna Strickland, mama kutoka Kanada, na mwalimu wake Gérard Mourou walionyesha namna ya kutengeneza mipigo ya leza yenye nguvu nyingi na mifupi ajabu. Mwaka 2018 walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, naye Strickland akawa mwanamke wa tatu kuipata. Mabinti zetu wanaolikimbia somo la fizikia na walijue jina hilo.

Mgonjwa hutiwa matone ya ganzi akiwa macho. Leza ya kwanza hutengeneza mapovu madogo mno ndani ya konea, na kifuniko kikafunguka. Leza ya pili huchonga kwa vipimo vilivyowekwa kwenye kompyuta. Kisha kifuniko hurudishwa bila kushonwa. Kila jicho huchukua dakika chache tu.

NANI HAFAI?

Asiyetimiza miaka 18 hafai, kwa kuwa jicho lake bado linabadilika. Mama mjamzito au anayenyonyesha asubiri, maana vipimo vya macho hubadilika wakati huo. Mwenye konea nyembamba au iliyochongoka, au mwenye macho makavu sana, huenda akakataliwa, na kukataliwa huko ni kwa faida yake. Hata anayefaa anaweza kubaki na ukavu wa macho, au kuona miduara kuzunguka taa usiku.

Upasuaji huu hauzuii uzee wa macho. Mama aliyepita miaka 40 akiona vigumu kutunga uzi kwenye sindano au kuchambua maharage, lenzi yake imepungua ulaini. Miwani ya kusomea humtosha.

MTOTO WA JICHO SI KAZI YA LEZA HII

Hapa ndipo familia nyingi hupotea. Bibi anaona ukungu, na mboni yake imeanza kuwa nyeupe. Watoto wake wanapanga kuuza maksai wa kulimia ili wampeleke kwenye leza Dar es Salaam au Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Tatizo lake ni mtoto wa jicho: lenzi iliyo ndani imechafuka, na kuichonga konea hakutamsaidia. Anahitaji lenzi hiyo itolewe na kuwekewa ya bandia, upasuaji uliozoeleka ambao hauna haja ya leza. Maksai wakishauzwa, mwakani shamba litalimwa na nini?

Leza ya kuchonga konea haitibu pia vikope wala presha ya macho. Presha ya macho huiba uoni kimyakimya, na kilichopotea hakirudi.

TUFANYE NINI?

Kwanza, pima. Anzia zahanati au kituo cha afya, uombe rufaa kwenda kliniki ya macho ya hospitali. Pili, mtoto anayesogelea ubao au kukunja uso akisoma asiitwe mvivu. Huenda anahitaji miwani tu. Tatu, mtoto mwenye weupe kwenye mboni apelekwe hospitali bila kuchelewa, kwani unaweza kuwa mtoto wa jicho au saratani. Nne, usitie jichoni maji ya majani, maziwa ya mama wala dawa ya jirani.

Bwana Yesu alipomwita Bartimayo, alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini. Nasi tuulize kwanza jicho linahitaji nini, ndipo tufungue mkoba. Mama, wiki hii mfunike mwanao jicho moja, kisha la pili, umwulize anaona nini mlimani. Akisitasita, anzeni safari ya kliniki.