Wiki mbili zinatosha: Somo la mafundi wa programu kwa wachuuzi wa mpakani

GISENYI, Rubavu – Mchuuzi wa nyanya anayevuka Petite Barrière kwenda Goma hahitaji kufundishwa hesabu ya muda. Asubuhi hununua mzigo anaoweza kuumaliza, jioni huhesabu mauzo, kesho yake hurekebisha. Akikosea, amepoteza mtaji wa siku moja, si wa mwaka.

Mafundi wa programu za kompyuta walichelewa kuikubali hesabu hiyo. Wengi walipanga mfumo mzima kwenye karatasi, wakaujenga kwa miaka, kisha wakamkabidhi mtumiaji siku ya mwisho. Ukigundulika haumfai, fedha zimekwisha. Februari 2001, wataalamu 17 walikutana Utah, Marekani, wakatoa ilani ya njia nyingine: kukabidhi kazi kipande kwa kipande, mara kwa mara.

Katika skramu, mojawapo ya njia hizo, kazi hugawanywa katika vipindi viitwavyo spirinti. Kipindi hakizidi mwezi mmoja. Timu nyingi huchagua wiki mbili. Siri iko kwenye tarehe: haisogezwi. Kazi ikizidi, hupunguzwa kazi, haziongezwi siku. Mwisho wa kipindi, kilichokamilika huonyeshwa kwa wahusika, nao husema kinachofaa na kisichofaa.

Faida ya kumsikiliza mtumiaji mapema ilionekana Kenya. Majaribio ya M-Pesa yalipoanza Oktoba 2005, lengo lilikuwa kuwawezesha wateja wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo, kulipa marejesho kwa simu. Wateja hao, wasiozidi 500, wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao. Safaricom ilipozindua huduma Machi 2007, iliitangaza kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Makisio yasiyo sahihi yalijulikana kwa watu wachache, kabla huduma haijafika kwa mamilioni.

Jambo hili linamgusa mvuka mpaka. Ushuru, vibali na malipo vinazidi kuhamia kwenye simu na kompyuta. Mfumo ukiletwa ukiwa umekwisha kujengwa, bila mchuuzi kuujaribu, gharama ya makosa yake italipwa na nyanya zinazooza kwenye foleni.

Kwa hiyo, vyama vya ushirika vya wachuuzi vikiitwa kuelezwa mfumo mpya, viulize maswali mawili: tutaujaribu lini, na marekebisho tutayaona tarehe gani? Jibu likiwa “mradi ukikamilika”, visiondoke kikaoni. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.