Mizani, Kizibo cha Soda na Mfuko wa Mwenye Gari

Panda bodaboda Nyamiaga, wilayani Ngara, siku ambayo abiria mwenzako ni mkungu wa ndizi. Kwenye tambarare pikipiki ya cc 150 inakwenda bila malalamiko. Ikianza kupanda mlima, dereva anashusha gia, anavuta mafuta hadi mwisho, na bado anakugeukia: "Haivuti hii." Kesho yake fundi atakagua plagi, atasafisha kabureta, pengine atashauri sproketi ibadilishwe. Lakini yupo mshtakiwa mmoja ambaye hafunguliwi kwa spana. Ni hewa.

Injini hiyo ikizunguka mara 6,000 kwa dakika huvuta hewa mara 3,000, kila mara mililita 150. Jumla ni lita 450 kwa dakika, zaidi ya mapipa mawili. Na haivuti hewa kwa anasa, kwa sababu kilo moja ya petroli inahitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue vizuri. Sasa kwenye vilima vya Ngara, juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu moja ya saba. Mapipa ni yale yale, ila kilichomo kimepungua. Pikipiki iliyotamba Kariakoo ikifika Nyamiaga inakuwa imeacha njiani sehemu ya nguvu zake, na hakuna fundi wa kumlaumu.

Wanaotunga sheria za mbio za magari wanaijua siri hiyo, nao wameigeuza kuwa hatamu. Badala ya kumwambia mtengenezaji injini yake iweje, wanampimia hewa ya kupumua.

Chukua gari la daraja la Rally2, ambalo ndilo linalotumiwa na madereva wengi wanaowania ubingwa wa Afrika. Injini yake ni ya cc 1,600 tu, lakini ina tabo, ile feni inayoendeshwa na moshi wa injini na kusindilia hewa ndani. Tabo ikiachwa huru, injini ndogo hutoa nguvu za kutisha. Kwa hiyo mbele ya tabo hufungwa ringi yenye tundu la milimita 32. Ukitaka kuliona tundu hilo, okota kizibo cha bati cha chupa ya soda: upana ni huo huo. Hewa yote ya gari hilo lazima ipite hapo.

Uzuri wa ringi hiyo ni wa kifizikia. Tabo ikizidi kuvuta, hewa huzidi kukimbia ndani ya tundu, mpaka ifikie kasi ya sauti, zaidi ya mita 300 kwa sekunde. Hapo mambo husimama. Hewa haiwezi kupita kwenye koo hilo kwa kasi kubwa zaidi, hata tabo iwe ya thamani gani. Kiasi kinachopita kinaamuliwa na ukubwa wa tundu, na kanieneo na joto la hewa iliyoko nje. Ndiyo maana gari la Rally2 hubaki na nguvu za farasi zipatazo 290. Magari ya juu ya ubingwa wa dunia, WRC, yalipewa tundu la milimita 36 mwaka 2017 yakapata farasi 380. Tofauti ya milimita nne inaonekana ndogo, lakini eneo la tundu linapungua kwa zaidi ya asilimia 20.

Na kwa kuwa kanieneo la hewa ya nje lina kauli yake, Naivasha nchini Kenya, kunakofanyika raundi mojawapo ya ubingwa huo, huongeza sheria ambayo haikuandikwa Paris, yaliko makao ya shirikisho la kimataifa la mbio za magari, FIA. Huko, karibu mita 1,900 juu, kanieneo la hewa ni pungufu kwa takriban moja ya tano. Gari lililopewa tundu la milimita 36 lilipumua huko kama lililofungwa tundu dogo zaidi. Mlima unawasawazisha wote, tajiri na maskini, bila kumwita karani.

Lakini penye hatamu pana mjanja. Mwaka 1995, katika mbio za Catalunya nchini Hispania, wakaguzi walifungua magari ya timu ya Toyota na kukuta ringi ya milimita 34 kama sheria ilivyotaka. Ajabu ilikuwa kwenye ufungaji wake. Mpira wa hewa ulipokazwa kwa klipu yake, ringi ilisukumwa mbele kwa springi zilizofichwa, ukaachwa mwanya wa kupitisha hewa pembeni. Ulipofunguliwa ili mkaguzi aangalie, ringi ilirudi mahali pake kwa unyenyekevu kabisa. Timu ilifutiwa pointi na kufungiwa miezi 12. Ujanja wa namna hiyo hautoki kwenye gereji ya kona. Unahitaji wahandisi, mashine na muda, yaani fedha. Sheria iliyowekwa kuzuia nguvu ilizaa matumizi mapya ya kuikwepa.

Hatamu ya pili ni uzito, na hili wakazi wa Ngara na Biharamulo hawahitaji kufundishwa. Malori yanayotoka bandarini kwenda Rwanda hupita Lusahunga na Benaco hadi Rusumo, na safari yote dereva anawaza mizani. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaweka kikomo cha tani 56 kwa lori na mzigo wake, nia ikiwa kuilinda barabara. Katika mbio, mizani inalinda ushindani. Kila kilo inayoongezwa hupunguza kasi ya kuondoka kwenye kona, hurefusha umbali wa kufunga breki na huchosha matairi. Nchini Japani, katika mbio za Super GT, mshindi hubebeshwa uzito wa ziada kwenye mbio zinazofuata, kama kijana aliyetangulia kufika sokoni akaambiwa kesho achukue mikungu miwili.

Ukiunganisha hewa na uzito unapata kile kinachoitwa usawazishaji wa uwezo. Umeenea tangu mwaka 2006, ulipoanza ubingwa wa magari ya GT3 barani Ulaya. Wazo lake ni jepesi kueleza. Ferrari, Porsche na Mercedes hazifanani umbo wala injini. Basi kila moja ipimwe, iliyo kali ibebeshwe kilo au ipunguziwe nguvu, iliyo nzito ilegezewe. Kwenye daraja la juu la mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, vipimo vimefika mbali: ekseli za gari huwekwa vihisio vinavyosoma jinsi chuma kinavyojipinda, na kutokana na mpindo huo nguvu halisi inayofika kwenye magurudumu hujulikana papo hapo.

Kwa nini wenye viwanda wakubali kufungwa mawe miguuni? Kwa sababu ya gharama. Kabla usawazishaji haujafika kwenye daraja la juu la Le Mans, timu kubwa za huko zilikadiriwa kutumia zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka. Audi ilijiondoa mwishoni mwa 2016, Porsche ikafuata mwishoni mwa 2017. Mwaka 2018 Toyota ilibaki kiwanda pekee katika daraja hilo, ikashinda mbio ambazo mpinzani wake mkubwa alikuwa ubovu wa gari lake lenyewe. Usawazishaji ulibadilisha hesabu. Ukitumia dola milioni 10 kununua nusu sekunde, na kesho yake wakakunyang'anya nusu sekunde hiyo kwa kilo, hutatumia tena. Mwaka 2023 watengenezaji saba walijipanga Le Mans katika daraja hilo hilo.

Mwaka huo huo ugonjwa wa dawa hiyo ukaonekana. Muda mfupi kabla ya mbio, waandaaji waliiongezea Toyota kilo 37, Ferrari 24, Cadillac 11 na Porsche 3. Ferrari ilishinda baada ya mizunguko 342, ikiitangulia Toyota kwa sekunde 81. Gawanya mwenyewe: ni chini ya robo sekunde kwa mzunguko wa kilomita 13.6. Je, robo sekunde hiyo ilitoka kwa madereva, au kwenye ile tofauti ya kilo 13? Hakuna kipimo kinachoweza kulijibu swali hilo, na ndiyo shida yake. Timu nayo hujifunza kuficha makucha: inakwenda polepole mbio hizi ili ilegezewe zijazo. Washiriki wamekatazwa kuijadili hesabu hiyo hadharani, na katazo lenyewe linatosha kukuonyesha manung'uniko yalivyo mengi.

Sisi huku tulianza na kipimo kingine. Mwishoni mwa Mei 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, magari yalitimka kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika katika mashindano yaliyokuja kuwa Safari Rally. Waanzilishi wake, akiwamo Eric Cecil, hawakuyapanga magari kwa ukubwa wa injini kama ilivyokuwa desturi. Waliyapanga kwa bei. Gari lilitakiwa liwe kama lilivyouzwa dukani, na lilishindana na magari ya bei inayokaribiana nalo, ili mnunuzi wa kawaida ajue fedha yake ingemfikisha wapi matope yakianza.

Bei ni kipimo cha ajabu. Haihitaji kihisio wala ringi. Mwenye duka ameshafanya hesabu yote: chuma, injini, ufundi. Na barabara za wakati ule zilimalizia kazi. Mwaka 1954 Vic Preston alishinda kwa Volkswagen ndogo. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakarudi saba. Mwaka 1965 Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda kwa Volvo iliyokwisha kutumika. Mwaka 1966 na tena 1967 kombe lilikuja Tanzania, mikononi mwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, akiendesha Peugeot 404, aina ile ile wazee wetu waliyoifahamu kama gari la abiria na mizigo.

Baadaye madaraja ya bei yalikwisha, sheria za kimataifa zikachukua nafasi, na viwanda vikaja na makontena ya vipuri. Hadi 1971 kila mshindi alikuwa mkazi wa Afrika Mashariki. Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland akawa wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda, kwa Ford Escort ya kiwanda. Wenyeji kama Shekhar Mehta waliendelea kushinda, lakini nao wakiwa na viwanda nyuma yao. Kufikia miaka ya 1990 timu ziliruka na helikopta juu ya magari yao. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Baada ya Ian Duncan wa Kenya mwaka 1994, hakuna Mwafrika aliyeshinda Safari ikiwa katika ubingwa wa dunia. Mashindano yenyewe yaliondolewa kwenye kalenda hiyo baada ya 2002, uhaba wa fedha ukiwa miongoni mwa sababu. Yaliporudi 2021 huko Naivasha, Toyota ilishinda, ikashinda tena, na mwaka 2022 na 2023 ilichukua nafasi zote nne za juu.

Magari mapya ya daraja la juu la ubingwa wa dunia, Rally1, yalianza 2022 yakiwa na mota ya umeme ya kilowati 100. Ilipofika 2025 mota hiyo iliondolewa kwa sababu ya gharama na usumbufu. Uzito wa chini ukashushwa kutoka kilo 1,260 hadi 1,180, na tundu la hewa likabanwa kutoka milimita 36 hadi 35. Mtu wa fizikia atasema hesabu imekaa sawa. Mtu wa mfuko atauliza: gari linauzwaje?

Swali hilo sasa limepata jibu la kisheria. Kwa kanuni zinazoanza 2027, shirikisho la kimataifa, FIA, limeweka kikomo cha bei: gari halitazidi euro 345,000. Ni takriban shilingi bilioni moja za Tanzania, fedha inayoweza kununua pikipiki mpya zaidi ya 300 za kujaza vijiwe vyote vya Ngara. Bado ni nyingi, lakini ni kikomo, na kikomo cha bei kimekwisha kuonyesha faida. Daraja la Rally3, ambalo gari lake lilianza kuuzwa karibu euro 100,000, ndilo lililowawezesha Wakenya watatu vijana, McRae Kimathi, Jeremiah Wahome na Hamza Anwar, kuingia ubingwa wa dunia wa vijana mwaka 2022. Ringi na kilo peke yake zisingewafikisha huko.

Kikomo cha bei nacho kina mianya. Gari likinunuliwa, bado kuna matairi, vipuri, majaribio, mafuta na nauli ya meli, na tajiri atamwaga huko fedha alizozuiwa kuzitumia mwanzo. Ndiyo maana bei za vipuri na idadi ya matairi nazo zinahitaji mipaka yake, na bila mkaguzi wa hesabu mkali kama mkaguzi wa ringi, kikomo kitabaki karatasini. Hata hivyo, kati ya hatamu hizi tatu, ni hii tu inayogusa mzizi. Hewa na uzito husawazisha magari ya waliokwisha kuingia uwanjani. Bei ndiyo inayoamua nani aingie.

Baada ya ringi, vihisio na mizani ya kila aina, sheria za dunia zinarudi mwaka 2027 kwenye kipimo ambacho Afrika Mashariki ilianza nacho mwaka 1953.