Oili Chafu ya Gari na Maji ya Jirani



Mwezi wa Oktoba, siku chache kabla ya mvua za vuli, nilikwenda Makueni kumzuru mpwa wangu aliyeolewa katika kijiji kisicho mbali na mji wa Wote. Asubuhi ya Jumamosi mumewe, kijana mwenye bidii, aliingia chini ya gari lake kubadilisha oili. Kazi hiyo huifanya mwenyewe nyumbani ili asilipe ujira wa fundi, na kwa hilo hana lawama. Alipomaliza alinyanyua karai lililojaa oili nyeusi, akaimwaga katika mtaro ulio nyuma ya jiko, kisha akaenda kunawa mikono.

Bibi mmoja wa Kikamba, jirani yao, alikuwa akipita na punda wake aliyebeba mitungi ya maji. Akasimama. Akanigeukia mimi, labda kwa kuwa ndiye niliyekuwa mkubwa pale, akaniuliza kwa upole: "Mzee, mvua ikinyesha, mtaro huu unakwenda wapi?"

Jibu nilikuwa nalo, kwani jana yake nilitembea njia hiyo hiyo. Mtaro unashuka hadi kwenye mto wa mchanga, mahali ambapo yeye na binti zake huchimba visima vyao. Lakini sikuweza kumjibu. Mimi mwenyewe kwa miaka mingi nimemwaga oili namna ile ile nyuma ya nyumba yangu Mombasa, wala hakuna aliyepata kuniuliza.

Mto ulio mkavu juu, una maji chini

Sisi watu wa pwani tunapopita barabara ya Nairobi tukaona mito mikavu ya Ukambani, hudhani kuwa imekufa. Haikufa. Maji ya mvua hujificha baina ya chembe za mchanga, jua lisiyafikie, na wanawake huyafuata kwa kuchimba. Kitui wamekwenda mbali zaidi: hujengwa ukuta kukata mto wa msimu, mafuriko yakaleta mchanga nyuma yake, na mchanga ukahifadhi maji kwa miezi ya kiangazi. Tangu miaka ya 1990 shirika la SASOL, pamoja na wanakijiji wenyewe, limejenga mamia ya mabwawa ya mchanga ya namna hiyo.

Mchanga huchuja tope vizuri. Oili hauiwezi. Oili huzigandia chembe zake, ikakaa humo muda mrefu, na kila mvua ikaosha kidogo na kukisogeza kwenye kisima. Basi tone linalomwagwa kiangazi halikupotea, linangojea mvua.

Wala jambo hili si la Wakamba peke yao. Mto Kaiti hushukia Thwake, na Thwake huingia mto Athi, unaotenganisha Makueni na Kitui. Athi ukikutana na mto Tsavo huitwa Galana, na ukikaribia bahari tunauita Sabaki. Kando ya Sabaki, pale Baricho, ndipo yanapovutwa maji yanayonywewa Malindi, Kilifi na hata Mombasa. Safari ni ndefu na maji ya njiani ni mengi, lakini mto ni mmoja. Sisi tulio chini ya mto huo tuna haki ya kutaka usafi kutoka juu, na tuna wajibu wa kuutunza pale tulipo.

Kilichomo ndani ya karai

Oili inayotoka katika injini si ile iliyoingia. Imechanganyika na masizi, chembe za madini yaliyosagika, na kemikali zilizozalika kwa joto, ambazo baadhi yake hujulikana kuleta saratani, hasa ya ngozi kwa mwenye kuigusa mara kwa mara. Gari dogo hutoa lita 4 hivi kwa mara moja. Idara ya serikali ya Marekani inayosimamia mazingira imekuwa ikiwaonya watu wake kwamba oili ya gari moja, ya kubadilishwa mara moja tu, yaweza kuharibu galoni milioni moja za maji, yaani karibu lita milioni 3.8.

Maji ya rejeta yenye rangi ya kijani au nyekundu yana hatari nyingine: ni matamu. Mtoto, paka au mbuzi huyalamba kwa utamu wake, nayo huharibu figo na yaweza kuua. Mafuta ya breki nayo ni sumu. Ama betri, ndani yake mna asidi kali na madini ya risasi, na madhara ya risasi tumeyaona hapa hapa Mombasa. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakaazi wa Owino Uhuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa madhara ya kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu jirani nao.

La kufanya nyumbani

Mama zangu na dada zangu, hata kama si ninyi mnaofungua nati, nyumba ni yenu na watoto ni wenu. Yasimamieni haya.

Kwanza, gari liwekwe mahali tambarare, mbali na kisima na mtaro, na chini yake patandikwe turubai. Oili ikingwe kwa karai pana lisilorudi tena jikoni.

Pili, imiminwe kwa faneli katika mtungi imara wenye kifuniko, na ule ule ilimonunuliwa oili mpya ni bora. Isitiwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu hasomi maandishi. Andikeni "SUMU" na mtungi uwekwe pasipofikiwa na mkono mdogo.

Tatu, kila kitu na chombo chake. Oili ikichanganywa na maji ya rejeta, mafuta ya breki au petroli, haifai tena kusafishwa. Filta nayo igeuzwe ichuruzike usiku kucha kabla ya kufungwa katika mfuko.

Nne, ikimwagika, msiifukuze kwa maji na sabuni, kwani huko ni kuipeleka mtaroni. Nyunyizieni unga wa mbao, jivu au mchanga mkavu, ikishanyonywa izoleni mkaifunge mfukoni.

Tano, mtungi ukijaa, upelekwe kwenye kituo cha petroli kinachobadilisha oili au gereji yenye pipa la kukusanyia. Ulizeni ni nani anayelichukua pipa hilo, kwani kwa sheria anayesafirisha taka za aina hii sharti awe na leseni ya NEMA. Oili iliyokusanywa vyema husafishwa ikatumika upya, au huchomwa katika tanuri za saruji ambazo joto lake hupita nyuzi 1,400. Betri kuukuu iuzwe nzima, na asidi yake ndani.

Na yapo mazoea ya kuachwa. Oili chafu isipakwe nguzo za ghala wala za banda la mifugo kwa ajili ya mchwa, isipakwe ng'ombe kwa ajili ya kupe, isimwagwe uani kutuliza vumbi, isichomwe, wala isitiwe chooni, kwani shimo la choo nalo lina njia ya kuyafikia maji ya chini. Mtoto akiinywa, msimtapishe. Mkimbizeni hospitali pamoja na chombo chenyewe.

Utohara na madhara

Huenda msomaji akauliza: je, oili ni najisi? La. Na katika madhehebu yetu ya Shafi, maji yaliyobadilika kwa kitu kinachokaa kando yake bila kuchanganyika nayo, kama mafuta, hayatoki katika utohara wake. Lakini mtu asiifanye hukumu hiyo kuwa ruhusa. Utohara ni mlango mmoja na madhara ni mlango mwingine. Maji yaweza kumfalia mtu kutawadha na yakawa yanamuua akiyanywa.

Mtume wetu (s.a.w.) amekataza kudhuru na kudhuriana, na amewaonya vikali wanaojisaidia penye kutekwa maji, njiani na vivulini. Haja ya mwanadamu huoza ikaisha. Ikiwa hiyo imekatazwa, seuze oili inayodumu mchangani? Katiba ya Kenya nayo, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya. Bibi yule mwenye punda ana haki hiyo, awe wa dini yetu au asiwe.

Jioni ile nilimweleza mkwe wangu niliyoulizwa, nikamkiri pia ya nyuma ya nyumba yangu. Hakubishana. Alichukua koleo tukauchimba udongo wote uliokuwa mweusi mtaroni, ukajaa magunia mawili, nayo yakawekwa ghalani juu ya sakafu ya saruji hadi apatikane mchukuzi mwenye leseni. Kisha mpwa wangu akaenda kwa jirani kumwomba radhi, na kumweleza lililofanywa. Mvua ya kwanza ilinyesha siku ya nne yake.

Wabillahi tawfiq.