Taa ya ukutani na ugomvi wa saa tatu usiku

Nyumba nyingi za zamani za Kariakoo, zile zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, zilitiwa umeme kwa mtindo mmoja: chumba kimoja, globu moja, katikati ya dari. Aliyepanga chumba cha namna hiyo na mkewe na watoto anaujua ugomvi unaoanza saa tatu usiku. Baba anaingia zamu alfajiri, anataka kulala. Mtoto ana mtihani wa kidato cha nne, anataka kusoma. Globu ikiwaka, baba analalamika. Ikizimwa, mtoto anachukua daftari lake na kutoka nje kutafuta taa ya barabarani. Pazia nalo halisaidii, maana mwanga unapita juu yake.

Ndiyo maana wiki hii, ndugu msomaji, nimeona tuzungumzie kitu ambacho wengi hukichukulia kuwa pambo la wenye nazo, yaani taa ya ukutani ambayo mwanga wake unarekebishwa. Maduka ya vifaa vya umeme Kariakoo yanaziuza za kila sura: za chuma cheusi, za rangi ya dhahabu, zenye shingo ya kupinda. Katika duka moja kijana aliniambia, "Bosi wangu, hii unazungusha kitufe tu, mwanga unaupata unavyotaka." Nikanunua. Usiku wa kwanza ikapepesa kama sinema ya zamani, na kila nilipozungusha kitufe ikazidi.

Kumbe mwanga hurekebishwa kwa njia mbili, nami nilikuwa nimelipia ile yenye matata. Njia hiyo ni ya kupunguza umeme kwa swichi ambayo mafundi huiita dima. Umeme wa majumbani kwetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na dima hukata kipande cha kila nusu ya mzunguko, mara 100 kwa sekunde. Globu ya zamani yenye waya mwembamba ndani haikujali. Waya ule ukishapata moto haupoi haraka, kwa hiyo jicho haliuoni ule mkato. Globu ya LED haina moto wa kuhifadhi. Ndani yake mna mtambo mdogo wa kielektroniki, na ukipewa umeme uliokatwakatwa bila kutengenezwa kwa kazi hiyo, huhangaika: mwanga hupepesa, globu huvuma, pengine hukataa hata kuzimika kabisa. Tena dima nyingi za zamani zilitengenezwa kwa mzigo mkubwa, wati 40 na zaidi, na LED ya wati 8 haitoshi kuziendesha vizuri. Dawa yake ni kununua globu ambayo boksi lake linasema inakubali dima, na dima ambayo nayo inakubali LED. Vyote viwili. Kimoja hakitoshi.

Wako wanaonunua dima wakidhani LUKU itadumu. Kwa globu ya waya faida ni ndogo kuliko wanavyodhani, kwa sababu ukipunguza mwanga hadi nusu, umeme haupungui hadi nusu. Faida kubwa iko katika kubadili globu yenyewe. Globu ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila usiku, kwa siku 30 inakula uniti 9. LED ya wati 8, yenye mwanga unaokaribia huo, inakula uniti 1.2.

Njia ya pili ni kuisogeza taa. Globu iliyo wazi ikiwa mita 2 kutoka kwenye daftari, ukiileta hadi mita 1 daftari linapata mwanga mara 4. Ukiileta nusu mita, mara 16. Uniti hazijaongezeka hata kidogo. Wazee wetu walilijua hili bila hesabu. Chemli ilikuwa na kitufe cha kupandisha utambi, lakini mtoto alipotaka kusoma, kwanza iliwekwa karibu naye.

Wazo hilo lilimshughulisha pia Jean Prouvé, fundi chuma Mfaransa aliyekuwa na karakana Nancy. Alitengeneza nyumba za bati la alumini na chuma kwa ajili ya nchi za joto. Moja ilipelekwa Niamey mwaka 1949, mbili Brazzaville mwaka 1951. Kwa nyumba hizo alibuni taa ya ukutani aliyoiita Potence, neno la Kifaransa ambalo maana yake mojawapo ni mti wa kunyongea (mnisamehe, sikulichagua mimi). Ni bomba la chuma la mita 2 hivi, limeshikwa ukutani kwa bawaba na kuvutwa na waya, na globu iko nchani. Unaisukuma kwa mkono, inafagia nusu ya chumba, na haigusi dari. Nyumba zenyewe zilikuwa ghali kuliko za kawaida, hazikuzidi hizo tatu. Moja ya zile za Brazzaville ilifunguliwa, ikasafirishwa, na mwaka 2007 ikauzwa New York kwa karibu dola milioni 5. Kitu kilichobuniwa kwa ajili ya Afrika kikaishia kwa matajiri wa Marekani. Taa nayo bado inatengenezwa, na kampuni ya Vitra ya Uswisi.

Hata hivyo bomba, bawaba na waya si vitu vya kuagiza Ulaya. Mafundi wa kuchomelea wapo Gerezani. Mwambie fundi umeme atumie waya laini wenye nyuzi nyingi, kwa sababu waya mgumu wa nyuzi moja ukipindwa kila siku kwenye bawaba utakatika ndani ya ngozi yake, na bomba litashika umeme. Kwa sababu hiyo hiyo bomba lazima liwe na waya wa ethi. Lifungwe kwenye ukuta wa tofali, si kwenye ubao wa kugawia chumba, kwani mkono mrefu huvuta skrubu kwa nguvu kuliko uzito wake unavyoonyesha. Na nchani iwekwe kofia ya bati, mgongo wake uelekee kitandani kwa baba. Kwa chumba cha futi 10 kwa 10, mkono wa mita 1 unatosha.