Jinsi Hori ya Port Reitz Ilivyopata Jina Lake

Kaskazini ya Matuga bahari huingia barani kwa hori pana, nayo yaitwa Port Reitz. Kandokando yake imejaa mikoko, na zamani hapakuwa na njia ila ya mashua. Jina hilo si la kienyeji; je, lilitoka wapi?

Mwaka 1822 Kapteni W. F. Owen alitoka Uingereza na merikebu mbili, Leven na Barracouta, kuja kupima pwani za Afrika. Kazi yenyewe yataka subira. Baharia mmoja huteremsha bildi na kutaja pima za maji, mwenziwe hutazama dira, na wa tatu huandika. Tena kina hakitiwi katika ramani vile kilivyopatikana, bali hupunguzwa hata kiwe cha maji kupwa ya bamvua, ili nahodha asidanganyike na maji yaliyojaa.

Mwezi wa Februari 1824 Wamazrui wa Mombasa walitaka ulinzi wa Waingereza, na Owen akamwacha Luteni John James Reitz kuwa msimamizi. Mwezi wa Mei, katika safari ya upande wa Pangani, Reitz akashikwa na homa, akafa. Wenziwe wengi walikufa vivyo hivyo. Hawakujua kwamba mbu ndiye aletaye homa. Habari hiyo ilianza kuthibitishwa na Ronald Ross mwaka 1897.

Leo barabara ya Dongo Kundu yavuka matawi ya hori hiyo kwa madaraja. Walakini sisi tukunjuao ramani mezani tukumbuke kuwa kila tarakimu ya zama zile iliandikwa baada ya mtu kuteremsha kamba kwa mkono wake, na wengi wao hawakurudi kwao.