Akiolojia ya zabuni haitailinda Kondoa peke yake

Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo zimo Tanzania. Mradi wa ukubwa huo huwapa kazi wanaakiolojia: hukagua njia kabla ya mtaro kuchimbwa, wakitafuta vigae, zana za mawe na makaburi ya kale, na gharama hulipwa na mwenye mradi. Hiyo ndiyo akiolojia ya kibiashara.

England iliupa nguvu utaratibu huo mwaka 1990, serikali ilipoelekeza malikale zishughulikiwe kabla ya kibali cha ujenzi kutolewa. Kampuni za akiolojia zikaongezeka. Uchumi ulipoyumba mwaka 2008 na ujenzi kusimama, wanaakiolojia wengi walipoteza ajira. Kazi hii huenda palipo na saruji, hata kama historia iko kwingine.

Sasa tuitazame Kondoa, mkoani Dodoma. Michoro yake ya miambani imo katika Urithi wa Dunia tangu 2006, na miamba yenye michoro inazidi 150. Ujenzi mkubwa huko ni wa nadra. Mteja mmoja akimaliza, wa pili huenda akachukua miaka kufika, na hakuna kampuni inayoweza kulipa mishahara, magari na maabara kwa kusubiri.

Tatizo zaidi ni kwamba mharibifu mkubwa si mkandarasi. Wapo wanaochimba chini ya miamba wakisaka hazina inayodaiwa kufukiwa na Wajerumani enzi za ukoloni, na tabaka za maelfu ya miaka huvurugwa kwa usiku mmoja. Hao hawana mradi wala kibali, hivyo hakuna wa kupelekewa ankara.

Wataalamu tunao: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha akiolojia tangu miaka ya 1980. Kinachokosekana ni ajira ya kudumu karibu na malikale zenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 tayari inaitaka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari. Masharti ya vibali yaongezewe mchango wa kudumu: kuajiri maofisa wa malikale wilayani, kufundisha vijana wa vijiji jirani, na kujenga ghala la kuhifadhi vinavyofukuliwa. Wizara na halmashauri zianze na Kondoa, kwa sababu tabaka likishachimbuliwa ovyo halirudishwi.