Mtihani wa Darasa la Saba: Siku Mbili za Mtoto, Mwaka Mzima wa Mzazi

Kila mwaka ifikapo mwezi Septemba, watoto wa darasa la saba nchini kote huingia katika vyumba vya mtihani kwa muda wa siku mbili. Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi hutungwa na kusimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), na matokeo yake ndiyo yanayotumika kuwachagua wanafunzi wa kidato cha kwanza. Kwa sababu hiyo, wazazi wengi huuona kuwa ni jambo la mwalimu na mtoto pekee, na hulikumbuka zaidi pale matokeo yanapotangazwa.

Walimu wa kata zetu wanatimiza wajibu wao: wanamaliza mada, wanarudia na wanatoa majaribio. Yapo, hata hivyo, mambo ambayo mwalimu hawezi kuyafanya peke yake, kwa kuwa yanatokea nyumbani. Makala haya yanaeleza mambo hayo, pamoja na wakati ambao kila moja linapaswa kushughulikiwa, ili kazi ya miaka saba isiharibike kwa jambo ambalo lingeweza kurekebishwa mapema.

Mtihani wenyewe ukoje

Mtahiniwa hufanya mtihani wa masomo sita: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi, pamoja na Uraia na Maadili. Kila somo lina alama 50, hivyo jumla ni alama 300. Mwanafunzi anayepata alama 121 au zaidi, yaani daraja A, B au C, huhesabiwa kuwa amefaulu. Daraja A huanzia alama 241.

Hesabu hiyo ina maana kwa mzazi. Masomo yote sita yana uzito sawa. Mtoto anayeogopa Hisabati hapaswi kuambiwa kwamba mambo yake yamekwisha, kwa kuwa Uraia na Maadili au Kiswahili vinampa alama 50 zilezile. Vivyo hivyo, mtoto hodari wa Hisabati asiachwe adharau Maarifa ya Jamii. Mzazi anayepokea matokeo ya mtihani wa utimilifu asitazame wastani tu. Amuulize mwalimu: ni somo gani mtoto huyu anaweza kuongeza alama kumi kwa muda uliobaki? Swali hilo humsaidia mwalimu na mtoto kuliko kumlaumu mtoto kwa nafasi aliyoshika darasani.

Jina: jambo la kwanza, na lisilosubiri

Usajili wa watahiniwa hukamilika miezi kadhaa kabla ya Septemba, kupitia mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi ambamo kila mwanafunzi ana namba yake ya PREM. Jina linaloingia humo ndilo linalokwenda naye sekondari, na ndilo litakaloandikwa kwenye cheti chake cha kidato cha nne.

Chukulia mtoto aliyeandikishwa darasa la kwanza na mjomba wake, akapewa jina la ukoo la mjomba huyo kwa sababu ndiye aliyekuwepo siku hiyo. Miaka saba hakuna aliyeona tatizo. Baadaye cheti cha kuzaliwa kinatoka na jina la baba. Atakapoomba mkopo wa elimu ya juu, kitambulisho cha Taifa au ajira, nyaraka zake zitakuwa za watu wawili tofauti. Kurekebisha wakati huo kunahitaji viapo, fedha na safari nyingi. Kurekebisha kabla ya usajili kufungwa kunahitaji mzazi afike shuleni.

Kwa hiyo, mzazi au mlezi afike kwa mwalimu mkuu mapema mwanzoni mwa mwaka, aombe kuona jina la mtoto kama lilivyosajiliwa, alisome herufi kwa herufi na kulilinganisha na cheti cha kuzaliwa. Aangalie pia jinsi na tarehe ya kuzaliwa. Ambaye mtoto wake hana cheti aanze kukitafuta RITA, kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya, akiwa na ushahidi alio nao, kama vile kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo. Mtendaji wa kijiji au mtaa atamwelekeza kuhusu barua ya utambulisho.

Katika ziara hiyohiyo, mzazi wa mtoto mwenye ulemavu ahakikishe kwamba hali ya mtoto imeandikwa kwenye usajili. Baraza huandaa karatasi za maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu na za nukta nundu kwa wasioona, na hutoa muda wa nyongeza kwa wanaostahili. Huduma hizo hutolewa kwa taarifa zilizopelekwa mapema. Haziwezi kuombwa asubuhi ya mtihani.

Karatasi ya kujibia

Sehemu kubwa ya maswali ni ya kuchagua jibu, na majibu yake huwekwa kwenye fomu maalumu inayosomwa na mashine. Mtahiniwa hutumia penseli ya HB kuweka kivuli kwenye herufi ya jibu alilolichagua. Maswali yanayohitaji jibu la kuandika hujibiwa kwa kalamu ya wino wa bluu au mweusi.

Mashine haimjui mtoto hodari. Kivuli hafifu, vivuli viwili kwenye swali moja, au jibu la zamani lisilofutika vizuri, vyote huweza kumnyima alama anayoistahili. Kosa lililo baya zaidi ni kuruka swali bila kuruka mstari wake kwenye fomu: mtoto anaacha swali la 12, kisha jibu la 13 analiweka kwenye 12, na kuanzia hapo majibu yote yanahama. Anatoka chumbani akiwa na furaha, kumbe fomu yake imeharibika.

Walimu hufanya mazoezi ya fomu hii shuleni. Nyumbani, mzazi anaweza kumwomba mtoto aeleze namna anavyoijaza, hata kama mzazi mwenyewe hakusoma sana. Mtoto anayeweza kumfundisha mama yake jambo hilo amelielewa. Mzazi pia ahakikishe mapema kwamba mtoto ana penseli mbili za HB, kichongeo, ufutio safi na kalamu mbili. Gharama yake ni ndogo, na haifai mtoto aazime vifaa hivyo ndani ya chumba cha mtihani.

Saa moja ya jioni na sahani ya mchana

Mwezi mmoja wa kukesha hauwezi kufidia mwaka wa utoro. Darasa la saba hutumia muda mwingi kurudia mada za darasa la tano na la sita, na mtoto anayekosa shule kila siku ya mnada au gulio hukosa masomo yaleyale kila wiki, kwa sababu ratiba ya vipindi haibadiliki. Mzazi anayemtuma mtoto sokoni kila Jumatano anaweza kuwa anamnyima Hisabati za Jumatano kwa mwaka mzima.

Tunawaomba wazazi wampe mtoto wa darasa la saba saa moja ya kujisomea kila jioni kabla ya usingizi kumzidi. Kuchota maji na kuosha vyombo ni sehemu ya malezi, lakini kazi hizo zigawanywe kwa watoto wote, wa kike na wa kiume. Mara nyingi binti hushika daftari wakati kaka yake amekwisha kusoma na kulala. Nyumba isiyo na umeme inaweza kukubaliana na jirani mwenye taa ya sola ili watoto watatu au wanne wasome pamoja, chini ya uangalizi wa mtu mzima mmoja.

Chakula cha mchana shuleni nacho ni sehemu ya maandalizi. Mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri bila kula hawezi kufuatilia kipindi cha saa nane mchana. Utaratibu wa kuchangia mahindi, maharage au kuni hujadiliwa na kamati ya shule pamoja na mkutano wa wazazi. Mzazi asiyehudhuria mkutano huo huwaachia wengine kuamua kwa niaba yake. Ikumbukwe kwamba mtoto hatakiwi kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi hajatoa mchango. Likitokea hilo, Afisa Elimu Kata ajulishwe.

Mtoto asishauriwe kushindwa

Lipo jambo ambalo huzungumzwa kwa sauti ya chini, nasi tunaona ni vyema lizungumzwe wazi. Katika baadhi ya maeneo ya nchi yetu, wapo wazazi na walezi wanaowaelekeza watoto wafanye vibaya mtihani kwa makusudi. Mtoto anajua jibu ni B, anaweka kivuli kwenye D. Nyuma yake kuna ng'ombe wanaohitaji mchungaji, duka la ndugu wa mjini linalohitaji msaidizi, au posa iliyokwisha kupokelewa.

Wengine hufanya hivyo kwa hofu ya gharama. Kwa hao, ukweli ni huu: tangu mwaka 2016 elimu ya sekondari hadi kidato cha nne katika shule za Serikali haina ada, na tangu mwaka 2022 utaratibu huo umefika kidato cha sita. Gharama zinazobaki, kama vile sare na madaftari, zinaweza kupangwa. Kwa wanaofikiria ndoa, sheria iko wazi: Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya mwaka 2016, inakataza kumwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 30.

Mtoto anayelazimishwa hivyo hubaki na siri nzito dhidi ya wazazi wake mwenyewe. Mwalimu, jirani au mwanafunzi mwenzake anayefahamu amweleze mwalimu mkuu, mtendaji wa kijiji au mtaa, au dawati la jinsia na watoto la Polisi. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bila malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Upande wa pili wa jambo hilo ni udanganyifu. Mzazi asimtafutie mtoto majibu, wala asikubali mtu anayedai kuuza mtihani. Baraza hufuta matokeo pale udanganyifu unapothibitika, na kazi yote ya miaka saba hupotea pamoja nayo.

Kuanzia Septemba hadi Januari

Mtihani unapokwisha, kuna miezi zaidi ya mitatu kabla ya kidato cha kwanza kuanza Januari. Katika miezi hiyo ndipo wengine hupotea. Mvulana huenda machimboni "kwa wiki mbili tu", msichana huchukuliwa mjini kufanya kazi za ndani, na jina likitoka kwenye orodha ya waliochaguliwa mwenyewe hayupo. Mzazi asimruhusu mtoto aende mbali bila kujua atarudi lini na kwa nauli ya nani.

Miezi hiyo ni ya kusoma Kiingereza. Shule zetu za msingi za Serikali hufundisha kwa Kiswahili, lakini sekondari masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa wa kwanza katika Sayansi anaweza kukaa kimya darasani kwa sababu ya lugha tu. Aazime kitabu cha kidato cha kwanza kwa kaka au dada aliyetangulia, asome ukurasa mmoja kwa siku na kuandika maneno mapya matano.

Familia zinazotegemea kilimo zitenge fedha ya sare na madaftari wakati wa kuuza mazao, kwa kuwa fedha ya mavuno haikai hadi Januari. Ikiwa sare haijakamilika siku ya kuripoti, mtoto aende shuleni hivyohivyo, na mzazi azungumze na mkuu wa shule.

Kwa asiyefaulu, safari haijaisha. Vipo Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, na baadhi ya kozi za VETA hupokea waliomaliza darasa la saba. Afisa Elimu Kata atatoa maelekezo.

Wito

Halmashauri inawaomba wazazi na walezi wote wenye watoto wa darasa la saba wafike shuleni mapema kuhakiki majina, wahudhurie mikutano ya wazazi na wawasiliane na mwalimu wa darasa angalau mara moja kila muhula. Usiku wa kuamkia mtihani, mtoto ale, alale mapema na asigombezwe. Asubuhi, asindikizwe kwa maneno mema. Mengine yote yawe yamefanyika kabla ya siku hiyo.